Projekta, swichi na kipanya kisicho na waya: kipi kinakufaa?

Anayetaka kuonyesha picha ukutani huanza na projekta. Anasoma idadi ya lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kwenye boksi, anauliza kama ni 4K, analipa. Swichi ya HDMI, kijisanduku cha kuchagua laptopu ipi ionyeshwe, huja kukumbukwa siku laptopu ya pili inapowekwa mezani. Kipanya kisicho na waya hununuliwa mwisho, tena kwa haraka, kana kwamba vipanya vyote ni sawa. Kisha siku ya kazi picha inagoma, na lawama zote zinaiangukia projekta, kumbe tatizo limekaa kwenye kijisanduku cha katikati.

Kwa hiyo hapa navilinganisha vyote vitatu kwa pamoja: mwanga, njia ya picha, na mkono unaoongoza. Nitarudi mara kwa mara kwa watu waliovibuni, maana nimeona hiyo ndiyo njia ya mkato ya kujua udhaifu wa kifaa. Mbunifu hutatua usumbufu uliomkera yeye. Usumbufu mwingine anauvumilia, na huo unabaki ndani ya kifaa hata baada ya miaka 30. Mnunuzi akiujua, hatanunua kitu kizuri kwa kazi isiyo yake.

Mwanga: LCD au DLP?

Mwaka 1659 Mholanzi Christiaan Huygens alichora taa ya kurushia picha ukutani. Projekta ya leo ina viungo vilevile vitatu vya taa ya namna hiyo: chanzo cha mwanga, kitu kinachobeba picha, na lenzi. Jasho la wahandisi limemwagika zaidi kwenye hicho cha katikati, na hapo ndipo njia mbili kuu zinapoachana.

Njia ya kwanza ni LCD ya paneli tatu. Epson ilitoa projekta yake ya kwanza ya aina hiyo, VPJ-700, mwaka 1989. Mwanga mweupe unagawanywa na vioo maalumu kuwa mwekundu, wa kijani na wa buluu. Kila rangi inapita kwenye paneli yake ndogo ya fuwele kioevu, kisha zote tatu zinaunganishwa tena ndani ya prizimu na kutoka kwa lenzi moja. Neno la kushika hapa ni "pamoja": rangi zote tatu zinafika ukutani kwa wakati mmoja.

Njia ya pili, DLP, ilitoka kwa Larry Hornbeck wa Texas Instruments, aliyebuni mwaka 1987 chipu iliyojaa vioo vidogo mno, vyembamba kuliko unywele. Kila kioo ni pikseli moja, yaani nukta moja ya picha. Katika chipu nyingi kinainama takriban nyuzi 12 upande huu au ule: huku kinaelekeza mwanga kwenye lenzi, kule kinautupa pembeni. Hakina nafasi ya kati. Kijivu unachokiona ukutani ni kioo kinachopinduka maelfu ya mara kwa sekunde, na jicho lako ndilo linalokamilisha hesabu. Mimi nauona kuwa mmoja wa ubunifu mzuri kuliko wote katika historia ya picha, na si mimi peke yangu: mwaka 2015 Hornbeck alipewa sanamu ya Oscar kwa kazi hiyo, kwa kuwa chipu yake ndiyo iliyofungua mlango wa sinema za kidijitali.

Ila majumba mengi ya sinema hutumia projekta ya DLP yenye chipu tatu, moja kwa kila rangi. Projekta ya DLP ya kawaida ina chipu moja tu. Ili chipu moja itoe rangi zote, rangi lazima zije kwa zamu, mara nyingi kupitia gurudumu la vioo vya rangi linalozunguka kwa kasi. Hapo ndipo udhaifu ulipobaki. Watu wengine, wakisogeza macho haraka, huona vipande vya rangi vikichomoza pembeni mwa herufi nyeupe, kama upinde wa mvua. Wengine hawaoni kitu maisha yao yote. Kabla ya kununua DLP weka maandishi meupe juu ya weusi, kisha peleka macho kushoto na kulia kwa haraka. Usijipime peke yako, mwite na mwingine, kwa sababu projekta hutazamwa na wengi.

Kuna jambo la pili linalotokana na gurudumu hilohilo. Watengenezaji wengi huliwekea kipande kisicho na rangi ili weupe ung'ae zaidi. Lumeni zilizoandikwa kwenye boksi ni za weupe. Basi projekta mbili zinaweza kuwa sawa kwa weupe, huku moja ikionyesha ramani ya rangi au picha ya uso kwa unyonge kuliko nyenzake. Katika LCD ya paneli tatu, nguvu ya weupe na nguvu ya rangi huenda sambamba. Ukitaka kulinganisha kwa haki, weka picha yenye rangi nyingi kwenye zote mbili ndani ya chumba chenye taa zinazowaka.

LCD nayo ina lake. Hewa ya kupoza paneli inaingia na vumbi. Kichujio kisiposafishwa, joto linapanda na madoa yanaanza kuonekana kwenye picha. Paneli zikisogea kidogo tu, kingo za herufi zinapata utepe wa rangi. Chipu ya DLP imefungwa vizuri zaidi, haina paneli za kulandanisha, na herufi zake huwa kali. Ndiyo maana projekta nyingi ndogo za kubeba mkononi ni DLP.

Uamuzi wangu: chumba cha mikutano au darasa lenye mwanga, lenye chati na picha za rangi, chukua LCD. Kama projekta itasafiri kwenye begi au itakaa penye vumbi, na kazi ni maandishi zaidi, chukua DLP. Ipo na njia ya tatu, LCoS, yenye paneli za fuwele kioevu zinazoakisi mwanga badala ya kuupitisha, ambayo JVC huiita D-ILA na Sony huiita SXRD. Hiyo ni ya mpenda filamu mwenye chumba cheusi kabisa, kwa sababu giza lake ni giza la kweli. Nje ya chumba hicho sifa hiyo inapotea, na sababu ni hii ifuatayo.

Hesabu ambayo boksi halikupi

Projekta haiwezi kurusha weusi. Sehemu nyeusi ya picha ni ukuta wenyewe ulivyo wakati huo. Kama taa za chumba zinaufanya ukuta upate lakisi 300 (lakisi moja ni lumeni moja kwa mita ya mraba), basi weusi wako wote ni lakisi 300, hata ukinunua projekta ya gharama gani.

Chukua projekta ya lumeni 3,000 na picha yenye upana wa mita 2, kimo mita 1.125. Eneo ni mita za mraba 2.25, kwa hiyo kila mita ya mraba inapata takriban lakisi 1,333. Jumlisha zile 300 za chumba: weupe ni 1,633 na weusi ni 300. Weupe umeuzidi weusi zaidi ya mara tano, na maandishi yanasomeka. Sasa tanua picha iwe mita 3. Eneo limepanda hadi zaidi kidogo ya mita za mraba 5, projekta inatoa lakisi 593 tu, na weupe sasa ni kama mara tatu ya weusi. Projekta ni ileile, chumba ni kilekile, lakini walioketi nyuma wameanza kukunja macho.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza lumeni, zima taa iliyo juu ya skrini, au punguza ukubwa wa picha. Na lumeni zenyewe zichunguze. Kipimo cha ANSI huchukua wastani wa nukta tisa za picha, na kiwango cha kimataifa cha kutangazia sifa za projekta ni ISO 21118. Namba isiyotaja kipimo chochote, hasa kwenye projekta ndogo za LED, usiilinganishe na namba yenye kipimo.

Kuhusu chanzo cha mwanga sitakaa sana. Balbu ya zebaki yenye shinikizo kubwa, ambayo Philips iliileta mwaka 1995, inaangaza sana kwa gharama ndogo mwanzoni, lakini huhitaji kubadilishwa baada ya saa elfu chache na lazima ipoe vizuri baada ya kuzimwa. Projekta nyingi za leza hutumia leza ya buluu inayopiga bamba la fosfa kutoa manjano, ambayo ndiyo inayozaa nyekundu na kijani. Hutajwa kudumu kama saa 20,000 kabla mwanga haujashuka hadi nusu, huwaka mara moja na huzimika mara moja. Projekta inayotumika kila siku, au iliyofungwa juu ya dari isikofikika, iwe ya leza. Inayowashwa mara moja kwa mwezi, balbu inatosha kabisa.

Kabla ya kutoka kwenye mwanga, pima umbali. Boksi lina namba ya uwiano wa kurusha: umbali ukigawanywa kwa upana wa picha. Uwiano wa 1.5 na picha ya mita 2 unadai mita 3. Chumba kikiwa kifupi, tafuta ya umbali mfupi, usitegemee kuinamisha projekta kisha kunyoosha picha kwa kitufe. Kunyoosha huko kunafanywa kwa kutupa pikseli ulizozilipia.

Njia: swichi, splita, matriksi au KVM?

Almon Strowger alikuwa mfanyabiashara wa mazishi huko Kansas City, Marekani. Inasimuliwa kwamba alishuku opereta wa simu anawaelekeza wateja wake kwa mshindani, akaamua kubuni mtambo ambao mpigaji mwenyewe ndiye anayechagua laini. Hataza yake ilitoka mwaka 1891. Swichi ya Strowger ilikuwa na jukumu moja: kugusanisha waya na waya.

Wengi bado wanaifikiria swichi ya HDMI hivyo, na hapo ndipo wanapokwama. HDMI ilizaliwa mwaka 2002, na ndani yake vifaa viwili vinazungumza kabla ya picha kutokea. Projekta inaiambia laptopu, kwa faili fupi iitwayo EDID, ni ukubwa gani wa picha inaoukubali. Kisha, kama ni filamu iliyolindwa, vinahakikishiana kwa HDCP, mfumo wa kuzuia filamu isinakiliwe. Swichi rahisi, ukibonyeza kitufe, inakata mazungumzo hayo na kuyaanzisha upya. Skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde kadhaa, laptopu inapanga upya madirisha yake, na msemaji anasimama mbele ya watu hana la kusema. Nimewahi kusimama hivyo, na sekunde tano ni ndefu mno. Swichi nzuri zaidi huendelea kuzungumza na laptopu zote hata zile ambazo hazionyeshwi, kwa hiyo kila moja inaamini projekta haijaondoka. Kama unabadilisha wasemaji mara kwa mara, hiki ndicho cha kulipia, kuliko wingi wa matundu.

Sasa majina, kwa sababu mara nyingi watu hununua kisicho chao. Swichi inapokea vyanzo vingi na kutoa kimoja. Splita inapokea chanzo kimoja na kukigawa kwa skrini kadhaa. Matriksi inapokea vingi na kutoa vingi, kila skrini na chaguo lake. KVM ni swichi inayohamisha skrini, kibodi na kipanya kwa pamoja kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kifupi hicho kinahusishwa na Remigius Shatas, mwanzilishi wa kampuni ya Cybex, mwaka 1995. Kuna swichi ndogo za kubonyeza zisizohitaji umeme ambazo hufanya kazi pande zote mbili, lakini hata hizo haziwezi kuonyesha picha moja kwenye skrini mbili kwa wakati mmoja. Kwa hilo chukua splita au matriksi; splita nayo mara nyingi hushuka hadi uwezo wa skrini dhaifu: ukiunganisha televisheni ya 4K na projekta ya 1080p, zote mbili zinaweza kupata 1080p.

Kasi nayo hufuata kiungo dhaifu. HDMI 1.4 inapitisha gigabiti 10.2 kwa sekunde, ambazo zinatosha 4K ya picha 30 kwa sekunde. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 inapitisha 18, na 4K inafika picha 60. HDMI 2.1 ya mwaka 2017 imefika 48. Swichi ya 1.4 katikati ya laptopu mpya na projekta mpya inavirudisha vyote viwili kwenye 4K ya picha 30, na utaiona kwanza kwenye mshale wa kipanya: unaruka badala ya kuteleza. Watu hubadilisha kipanya kwa kosa la swichi.

Waya mrefu una mitego yake. Kwa 4K ya picha 60, waya wa kawaida wa shaba ukivuka mita 5 hivi huanza kuleta wasiwasi. Zaidi ya hapo yapo machaguo mawili ya kweli. Waya wa HDMI wa nyuzi za mwanga unakwenda mbali na ni mwembamba, lakini una upande: ncha moja ni ya chanzo, nyingine ni ya skrini, na ukiupitisha ndani ya ukuta kinyume itabidi uung'oe. HDBaseT, iliyoasisiwa mwaka 2010 na LG, Samsung, Sony Pictures na Valens, hutumia waya wa aina ya mtandao na kufika hadi mita 100. Soketi yake inafanana na ya mtandao lakini mawimbi yake si ya mtandao, basi usiupitishe waya huo kwenye swichi ya intaneti. Kwa dari iliyo mbali naipendelea HDBaseT, kwa sababu fundi anaweza kukata waya na kuufunga ncha mpya palepale.

Je, kurusha picha bila waya, kama Miracast iliyozinduliwa mwaka 2012? Kwa slaidi ni sawa, na inaokoa muda wa kupokezana waya. Lakini picha lazima ibanwe, irushwe hewani, kisha ifunguliwe, na hayo yote ni uchelewaji. Ukilazimika kuchora au kuonyesha programu moja kwa moja, mkono utafika kabla ya mshale. Hapo rudi kwenye waya.

Mkono: Bluetooth au kipokezi cha USB?

Vipanya na kibodi vya kwanza visivyo na waya vilitumia miale ya infraredi, ile ya rimoti. Kibodi ya IBM PCjr, iliyotangazwa mwaka 1983, ilikuwa hivyo, na Logitech nayo ilitoa kipanya cha infraredi mwaka 1984. Udhaifu ni kwamba infraredi ni mwanga: kikombe cha chai kikikaa katikati, amri haifiki. Mwaka 1991 Logitech ilihamia kwenye redio, na tangu hapo infraredi imebaki kwenye rimoti ya projekta.

Redio nayo ilihitaji namna ya kutokwamishana hewani. Hataza ya mwigizaji Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil, ya mwaka 1942, ilieleza mawasiliano yanayorukaruka kati ya masafa 88 ili adui asiyavuruge. Wazo la kuruka masafa ndilo Bluetooth ilisimamia ilipoanza kubuniwa Ericsson, Sweden, mwaka 1994: katika muundo wake wa awali inaruka mara 1,600 kwa sekunde kati ya njia 79. Ilikusudiwa kuunganisha vifaa vya kila aina na kila mtengenezaji. Kipokezi kidogo cha USB cha gigahezi 2.4 kina nia nyembamba zaidi: kipanya hiki, na kipokezi hiki, basi.

Tofauti zote zinatoka kwenye nia hizo mbili. Kipokezi kinaonekana na kompyuta kama kipanya cha kawaida cha waya, kwa hiyo kinafanya kazi hata kabla mfumo wa kompyuta haujawaka, na hakihitaji kuunganishwa kwa menyu. Kina kasi pia: kipanya cha michezo kinaweza kutuma taarifa mara 1,000 kwa sekunde, ilhali Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme, katika toleo lake lililozoeleka, hutuma kila milisekunde 7.5 ikijitahidi sana. Lakini kinakula tundu la USB, kikipotea kipanya kinaweza kuwa hakina kazi tena, na simu nyingi hazina pa kukichomeka. Bluetooth haitaki tundu, inazungumza na simu, tableti na laptopu, na vipanya vingi vya aina hiyo hukumbuka vifaa vitatu.

Usalama usipuuzwe. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille walionyesha kwamba vipokezi vingi vya wakati huo vingeweza kudanganywa na mtu aliye mbali, naye akaingiza herufi kwenye kompyuta ya mwenzake. Waliuita udhaifu huo MouseJack. Kibodi unayoandikia nywila iwe ya Bluetooth ya kisasa, au iwe na kipokezi ambacho mtengenezaji ametamka wazi kwamba kinasimba mawasiliano, yaani kinayafumba asiyasome mwingine. Kama una shaka, tumia ya waya.

Sasa mahali ambapo mkono na swichi vinakutana, jambo ambalo karibu kila mtu hulijua akiwa ameshalipa. Bluetooth imefungamana na kompyuta yenyewe, haipiti kwenye KVM. Ukibonyeza KVM, skrini inahamia kompyuta ya pili, na kipanya cha Bluetooth kinabaki kwa ya kwanza. Kwa KVM chukua kipokezi cha USB, ukichomeke kwenye KVM. KVM nyingine zina tundu maalumu la kibodi linaloelewa vibonye vya kawaida tu. Kipokezi kikikataa hapo, kihamishie tundu la USB la kawaida la KVM hiyohiyo kabla ya kukirudisha dukani.

Kipanya chenye kumbukumbu ya vifaa vitatu ni swichi ndogo chini ya kiganja, lakini kinahamisha mkono peke yake. Kwa mtu mwenye laptopu mbili, kila moja na skrini yake, hicho kinatosha na KVM ni hasara. Kwa mwenye skrini moja au projekta moja, hakitoshi.

Nikiambiwa nipange leo chumba cha mikutano chenye taa na wageni wanaoleta laptopu zao, ningechukua LCD ya leza, picha ya mita 2, swichi ya HDMI 2.0 inayoshikilia EDID ya kila tundu, na rimoti ya slaidi yenye kipokezi, kwa kuwa kompyuta huiona kama kibodi na mgeni hahitaji kusakinisha chochote. Kwa chumba cha filamu chenye giza, LCoS au DLP, waya mmoja bila swichi, na kibodi ndogo ya Bluetooth pajani. Kwa fundi mwenye kompyuta mbili na projekta moja, KVM na kipanya cha kipokezi. Na katika chumba chochote kati ya hivyo, mshale ukianza kukwama, angalia kwanza kama kipokezi kimechomekwa ubavuni mwa diski ya USB 3.0. Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba USB 3.0 inatoa kelele za redio kwenye masafa yaleyale ya gigahezi 2.4. Waya mfupi wa kurefusha USB, wa kukitoa kipokezi nyuma ya kompyuta na kukileta juu ya meza, mara nyingi humaliza tatizo hilo.